Bahasha Imeelezwa, Barua Bado

Bi mkubwa aliishika ile risiti kwa ncha za vidole. Alikuwa ameleta mwani mkavu, magunia manne, na mzani ulisoma kilo 200 kamili. Bei ya siku ile ilikuwa shilingi 700 kwa kilo. Hesabu hiyo haitaki mashine: mia mbili mara mia saba ni laki na arubaini elfu. Risiti iliyotoka kwenye kichapishi changu ilisema 14.00.

"Mwanangu," akaniambia, "hii kumi na nne ni ya nini? Hata pipi sipati."

Tulikuwa pwani ya Micheweni, kaskazini ya Pemba, asubuhi ya bamvua, na nyuma yake kulikuwa na foleni ya wanawake wenye magunia kichwani. Mnunuzi, mfanyabiashara aliyeniajiri kumwekea mashine kwenye mzani wake, alinitazama. Nilikuwa nimeijaribu programu ile siku tatu. Kilo 197.5 ilitoa 138,250. Kilo 63 ilitoa 44,100. Kilo 86 ilitoa 60,200. Zote sawasawa. Lakini aliyefikisha mia kamili alipata 7.00, na mwenye mia tatu angepata 21.00. Mashine yangu ilimdhulumu yule tu aliyejitahidi mpaka akatimiza.

Pesa alilipwa, hilo nilitangulize. Mnunuzi aliandika kwa kalamu na hifadhidata yenyewe ilikuwa safi. Kosa lilikuwa kwenye kusoma. Nimekaa na zile shilingi 14 muda mrefu tangu siku ile, na leo nataka kuzifungua mbele ya msomaji, kwa sababu naamini kosa lilikuwa langu nusu. Nusu ya pili ni ya desturi moja ya mafundi wa hifadhidata ambayo tumeizoea hata hatuioni.

Seva, kompyuta inayotunza data, inaendesha programu ya hifadhidata iitwayo PostgreSQL, nayo imewekwa Wete. Kifaa kilicho pembeni ya mzani ni kompyuta ndogo, haizidi paketi ya sigara, na lugha niliyoitumia juu yake haikuwa na draiva iliyo tayari, yaani programu ya kuzungumza na hifadhidata. Nikaandika ya kwangu. Itifaki ya PostgreSQL, yaani kanuni za mazungumzo na seva, inampa mwandishi wa klaienti, programu inayoomba data, hiari: kila safu ya matokeo unaweza kuiomba kwa umbo la maandishi, ambalo alama yake ni 0, au kwa umbo la binari, alama yake 1. Nikaomba binari. Sitasingizia mahitaji, ulikuwa ujuvi tu. Niliona maandishi ni ya wanaojifunza.

Sasa tazama. Thamani 140,000.00 ikiwa ni ya aina ya numeric, aina ya namba za desimali zisizokadiriwa, inafika kwa baiti 10. Nikiziandika kwa msingi wa 16, ambapo A hadi F ni 10 hadi 15, ni hizi: 00 01 00 01 00 00 00 02 00 0E. Zisome mbili mbili. Jozi ya kwanza ni 1: idadi ya vikundi vya tarakimu vilivyotumwa. Ya pili ni 1 tena: nafasi ya kikundi cha kwanza. Ya tatu ni 0, yaani namba ni chanya. Ya nne ni 2, idadi ya desimali za kuonyesha. Kisha kinakuja kikundi chenyewe, 000E, ambacho ni 14.

Siri imo hapo. PostgreSQL haihesabu numeric kwa makumi kama tunavyohesabu sisi. Inahesabu kwa makumi elfu, kila kikundi kikibeba tarakimu nne. Laki na arubaini elfu ni makumi elfu kumi na nne, na baada yake kikundi cha sifuri tupu. Sifuri za mwisho hazitumwi. Seva inakuachia uelewe mwenyewe kwamba nafasi ikiwa 1 na kikundi ni kimoja, basi bado kuna kikundi kitupu cha kujaza. Mimi niliposoma kikundi cha mwisho kilichotumwa nikasimama hapo hapo, kama mtu anayeshuka gari kituo kimoja kabla ya kwao. Namba 138,250 ina vikundi viwili, 13 na 8250, vyote vinatumwa, kwa hiyo kosa halionekani. Inataka namba iishie kwa sifuri nne ndipo lijitokeze.

Na hapa pana kichekesho: 140000.00 kwa maandishi ni herufi tisa, kwa hiyo baiti tisa. Binari yangu ya kifundi ilikuwa baiti kumi. Nilipata hasara ya baiti moja na aibu juu yake.

Kuna jingine dogo ambalo mtu asiyeandika kwa Kiswahili hatalijua. Kwenye msimbo wa seva ile jozi ya pili inaitwa weight. Daftarini nikaiandika "uzani". Jedwali langu lilikuwa na safu ya uzani, kilo za mwani, kwa hiyo siku nzima nilikuwa na uzani wa aina mbili kichwani na wala sikushtuka. Skuli ya msingi tulifundishwa mamoja, makumi, mamia, maelfu, na mwalimu akaliita jambo hilo thamani ya nafasi. Lau ningeliita nafasi tangu mwanzo, pengine ningejiuliza: nafasi hii ikiwa wazi, nani anaijaza?

Niseme haki: nyaraka za PostgreSQL ni miongoni mwa nzuri nilizowahi kusoma. Sura ya itifaki, ambayo toleo lake la 3.0 liliingia na PostgreSQL 7.4 mwaka 2003, inakueleza kila ujumbe baiti kwa baiti: herufi ya kutambulisha ujumbe, urefu, kila sehemu na ukubwa wake, na kwamba thamani isiyokuwepo inaletwa kwa urefu wa -1. Ukienda kwenye amri ya COPY, ya kutoa na kuingiza data kwa mkupuo, kwa umbo la binari utakuta jambo la kupendeza zaidi. Faili linaanza na saini ya baiti 11: herufi PGCOPY, kisha baiti tano zinazoonekana za ovyo, za mwisho wa mstari, baiti yenye biti ya juu, na sifuri. Waraka unakuambia kwa nini ni hizo na si nyingine: zimechaguliwa ili faili likipitishwa njia inayobadilisha miisho ya mistari, au inayodondosha sifuri, au inayokata biti ya juu, saini iharibike na wewe ujue papo hapo. Huo ndio uandishi. Unapewa baiti na unapewa sababu.

Halafu, ukurasa huo huo, ukifika kwenye thamani zenyewe, ile data uliyoifuata tangu mwanzo, unaambiwa ukatazame msimbo chanzo, zile funksheni zenye send na recv kwenye majina yao, ndani ya saraka ya adt. Sura ya itifaki nayo inafanya vivyo hivyo: inasema namba nzima huja baiti kubwa ikiwa mbele, na kwa aina nyingine uangalie nyaraka au msimbo. Tumeelezwa bahasha: karatasi yake, gundi yake, stempu inabandikwa pembe ipi. Barua tumeambiwa twende tukamuulize aliyeiandika.

Kuna jibu ambalo hulisikia kila jambo hili likitajwa, na husemwa kwa fahari: msimbo ndio waraka wa kweli, haudanganyi. Mimi nalikataa. Msimbo unasema kinachotendeka leo. Hausemi kipi kimeahidiwa na kipi kimetokea tu. Nikisoma numeric.c, faili la msimbo wa aina hiyo, nikaona sifuri za mwisho zinakatwa, siwezi kujua kama hiyo ni sharti ambalo klaienti alitegemee, au ni namna tu mwandishi wa funksheni alivyoona vyema. Je, seva siku moja inaweza kuzituma? Je, mimi nikipeleka numeric yenye sifuri za mwisho nitakataliwa? Majibu yapo, yanatafutika, lakini kila mtu anayatafuta upya. Waandishi wa draiva za Npgsql, asyncpg na pgx, kila mmoja ana msimbo wake wa kufungua baiti zile zile. Nami wa Pemba, na kifaa changu kidogo, nikawa mmoja zaidi.

Tena tuseme ukweli kuhusu nani anaweza kusoma. Kijana anayemaliza chuo pale Tunguu anaweza kuandika klaienti nzuri kwa lugha anayoijua. Kumwambia apitie maelfu ya mistari ya C iliyojaa makro ili ajue tarehe inapimwa kuanzia lini ni kumfukuza kwa adabu.

Kuanzia lini, basi? Hili lina kisa chake. Thamani ya wakati katika PostgreSQL inakuja kwa baiti nane: idadi ya maikrosekunde (sehemu za milioni za sekunde) tangu usiku wa kuamkia tarehe 1 Januari 2000. Lugha nyingi za programu zinahesabu tangu 1970. Ukilisahau hilo, mauzo ya tarehe 14 Agosti 2025 yanasomeka kuwa ya tarehe 15 Agosti 1995, miaka thelathini nyuma kasoro siku moja, na ile siku moja ndiyo itakayokutoa jasho, kwa sababu utajaribu kuongeza miaka thelathini na mambo hayatalingana. Inatakiwa siku 10,957. Sisi watu wa visiwani tungepaswa kuwa wa mwisho kushangazwa na haya. Wavuvi na wakulima wetu wanahesabu siku tangu Nairuzi, mwaka mpya wa jadi, kwa miongo ya siku kumi kumi, na mtu akikutajia mwongo bila wewe kujua mwaka ulioga lini Makunduchi, hujaambiwa kitu. Namba peke yake haina mwanzo. Mwanzo ni mapatano.

Lakini kisa hakikuishia kwenye mwanzo. Kwa miaka mingi zile baiti nane zilikuwa na maana mbili. Seva iliyojengwa kwa njia moja ilituma namba nzima ya maikrosekunde. Iliyojengwa kwa njia nyingine ilituma namba ya desimali inayoelea, ya sekunde. Baiti nane huku, baiti nane kule, aina ile ile, na tofauti ikajulikana tu kwa klaienti anayejua kuangalia kigezo kinachoitwa integer_datetimes ambacho seva humtajia wakati wa kuunganishwa. Toleo la 8.4, mwaka 2009, lilifanya namba nzima kuwa desturi. Toleo la 10, mwaka 2017, likaiondoa kabisa ile ya kuelea. Mwenye kusoma msimbo wa leo atakuta jina la kigezo hicho tu, si ule msimbo wa kuelea. Akienda kwa mteja mwenye seva ya zamani, na ofisini kwetu seva za zamani hazifi, atasoma upuuzi na hatajua amekosea wapi. Msimbo haudanganyi, sawa, ila hauna kumbukumbu. Waraka mzuri ungekuwa na mstari mmoja tu wa kumwokoa.

Mwaka 2021, toleo la 14 likaruhusu numeric kubeba infiniti, yaani kisicho na mwisho. Ile jozi ya tatu, ambayo hapo kabla ilikuwa na maana tatu, chanya, hasi, na isiyo namba, ikapata mbili za ziada, D000 na F000. Klaienti aliyeandikwa kwa kusoma msimbo wa miaka ya nyuma alikuwa sahihi siku aliyoandikwa.

Hoja nzito ya upande wa pili ninaijua na ninaiheshimu. Wanaoitunza seva wanasema: tukiandika muundo wa binari kwenye waraka rasmi tutajifunga mikono, hatutaweza kuubadilisha. Waraka wao wenyewe unatahadharisha kwamba maumbo ya binari ya aina ngumu yanaweza kubadilika toleo hadi toleo, na kwamba maandishi kwa kawaida ndiyo yanayosafiri salama. Kwa watu wengi ushauri huo ni sahihi, nami tangu siku ya bi mkubwa nausambaza. Ila mikono imeshafungwa. Siku watakapobadilisha mpangilio wa zile jozi nne za numeric, programu zisizohesabika zitavunjika asubuhi hiyo hiyo, iwe waraka uliandikwa au haukuandikwa. Kilichowafunga ni matumizi, na matumizi hayangojei waraka. Kutoandika kunaondoa jambo moja tu, uwezo wa kusema mapema: hiki tunakishika, hiki msikitegemee. Anayeogopa kufungwa mikono angeandika upesi zaidi, maana kwenye waraka ndipo pa kuweka mipaka.

Nikiwa na mawazo haya nilikumbuka barua za zamani zilizohifadhiwa kwenye Nyaraka za Taifa, Kilimani, zile za Kiswahili kwa khati ya Kiarabu. Herufi ba ilibeba b, na p, na mara nyingi mb. Ghaini ilibeba gh, na g, na ng. Mwandishi alijua, na aliyeandikiwa alijua, kwa hiyo hakuna aliyeona haja ya kueleza. Neno moja unaweza kulisoma baba, au papa, au bamba, na linaloamua ni mazungumzo yanayolizunguka. Kwa mtu mwenye lugha hiyo si tabu. Mashine haina mazungumzo ya kuizunguka. Ikipewa 00 00 00 C8 na ikaambiwa baiti kubwa iko mbele, itasema 200. Ikidhani baiti ndogo ndiyo ya mbele, kama ilivyo kwenye itifaki ya MySQL, hifadhidata nyingine, itasema hasi milioni mia tisa na zaidi, na haitainua hata unyusi.

Hapo penye baiti mbele au nyuma, kwa bahati, PostgreSQL wameandika waziwazi. Na walioandika zaidi wapo. SQLite, hifadhidata inayokaa ndani ya faili moja, wana waraka wa faili lao unaoanzia baiti ya kwanza kabisa: kichwa cha baiti 100, kila sehemu na mahali pake, baiti 16 za mwanzo zikiwa ni maneno yanayosomeka kwa macho na sifuri moja ya kufungia. Wametangaza nia ya kulihudumia faili hilo mpaka mwaka 2050, na Maktaba ya Bunge la Marekani imeliweka miongoni mwa miundo inayoipendekeza kwa kuhifadhia data. Mtu anaweza kusema faili si sawa na itifaki, na ni kweli. Faili linakaa na kusubiri, ujumbe unapita. Lakini sioni kwamba waraka wao umewazuia kuboresha chochote. Kinyume chake, wanajua hasa wasiguse wapi.

Ingekuwa kazi kubwa? Sidhani. Aina za msingi hazizidi kadhaa, na nyingi ni mstari mmoja: boolean ni baiti moja, uuid ni 16, tarehe ni siku tangu 2000 kwa baiti nne, jsonb, data iliyopangwa kwa majina na thamani, ni baiti moja ya toleo kisha maandishi. Zinazotaka maelezo ni chache. Numeric ndiyo mama yao. Interval, aina ya muda, inafuatia, ambayo ina baiti 16 zilizogawanywa maikrosekunde, siku, na miezi, kila kimoja peke yake. Ukiisoma kwenye msimbo utaona mgao huo na utajiuliza kwa nini wasijumlishe tu. Mtu yeyote aliyewahi kusimama kibarazani jioni ya tarehe 29 Shaabani akingoja habari ya mwezi anajua kwa nini: mwezi mmoja si siku thelathini, ni mwezi mmoja. Sentensi hiyo ingeandikwa mara moja tu ingewaokoa wengi wasizidishe mara thelathini.

Na ningependa kila aina ipewe mfano wa baiti halisi, hasa mifano ya pembezoni. Namba ya kawaida ikae pembeni kidogo. Mimi niletee sifuri, hasi moja, elfu kumi kamili, sehemu ndogo kama 0.00001 ambapo nafasi inakuwa hasi. Mifano yangu ya siku tatu ilikuwa ya kawaida yote, na yote ilipita. Mwani haukukosea. Ni mimi niliyeupima kwa kilo zilizonipendeza.

Mwisho wa siku ile, jamvini, huku wanawake wakianua, nilianza kuandika daftari jipya. Nimeliandika kwa Kiswahili, na "uzani" nimelifuta nikaandika "nafasi". Lina kurasa kumi na moja sasa. Ukurasa wa kwanza una zile baiti kumi za shilingi laki na arubaini elfu, kila jozi na maelezo yake, na chini yake nimeibandika risiti ya 14.00 ambayo bi mkubwa aliniachia, akisema haina kazi kwake.

Bamvua lililofuata alirudi na magunia sita. Sijui kama alikusudia, lakini mzani ulisoma 300 kamili, na niliona wazi kwamba foleni nzima imenyamaza. Risiti ikatoka. Akaiweka juu ya gunia, akazihesabu sifuri kwa ukucha, moja moja, kuanzia kulia.

"Haya," akasema, "leo imejua kusoma."